Ndiyo, nilipigia kura mshahara wangu mwenyewe

Mpwa wangu wa Kisauni, Mombasa, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Tatu na nusu zilikuwa siasa, nusu ya mwisho ada. Kiini chake hiki: "Mjomba, nasikia huko California raia ndio wanaopiga kura mshahara uwe kiasi gani na kodi ya nyumba ipande vipi. Sasa kama kalamu mnayo nyinyi, mbona kila tukikupigia huna?"

Najua si yeye peke yake anayejiuliza, basi wacha nijibu mbele za watu.

Ni kweli. Novemba 2024, mbali na kuchagua rais, tuliwekewa mapendekezo 10 ya jimbo zima, kila moja la kujibu ndiyo au hapana. Mimi nyumbani Kenya niliwahi kupiga kura ya maoni ya katiba mara mbili: 2005 ile ya alama za ndizi na chungwa, halafu 2010 kijani na nyekundu. Swali moja, na nchi nzima inalitafuna miezi, mpaka muuza viazi karai ana msimamo wake. Huku ni 10 kwa mpigo, na chini yake kuna ya kaunti, ya mji, na watu wa bodi ya shule ambao sijawahi kuwaona hata kwa picha.

Karatasi inaletwa na posta karibu mwezi mmoja kabla. Kinatangulia kitabu cha serikali cha kurasa zaidi ya 100, chenye maandishi ya kila sheria na hoja za pande mbili. Kipo kwa Kihispania, Kichina, Kikorea, Kivietinamu, hata Kitagalogi. Kiswahili hakimo. Nilikisoma jikoni usiku baada ya zamu, na Mfilipino mmoja tunayefanya naye kazi ghalani. Yeye anasoma cha Kitagalogi, mimi cha Kiingereza, halafu tunabishana kama kweli tumesoma kitu kimoja.

Kalamu yangu nyeusi iliidhinisha mkopo wa dola bilioni 10 za kukarabati shule, ikashuka ikaidhinisha bilioni 10 nyingine za maji, moto wa misitu na mambo ya hali ya hewa. Mikopo yote miwili ilipita. Bilioni 20 nimekopa mimi, na gari langu bado nalilipia. Lilikuwepo pia pendekezo la ushuru wa bima ya afya ya wasiojiweza, namba 35. Nililisoma mara tatu na nikajibu kwa kubahatisha. Kuna moja lilihusu ndoa. Hilo tutaongea nikija.

Sasa mshahara. Kima cha chini cha jimbo kilikuwa dola 16 kwa saa, na mimi siko mbali na hapo. Pendekezo namba 32 lilitaka kifike dola 18, na kwa kampuni kubwa kama ninayofanyia kazi kingeanza Januari 2025. Nikajaza kile kiduara kwa uangalifu kama mtoto wa mtihani wa darasa la nane. Kura zikahesabiwa wiki na wiki, huku ni kawaida, na mwisho likaanguka. Tofauti haikufika asilimia 2. Januari tukapandishiwa senti 50 tu, ile nyongeza ya kila mwaka inayofuata mfumuko wa bei.

Nani alikataa? Nilidhani matajiri. Kumbe na jirani yangu, bibi mstaafu anayenipa malimau kila msimu. Aliniambia wazi kwamba bei ya chakula imeshampanda kichwani, mishahara ikipanda na yeye ataumia, pensheni yake haiongezwi. Wengine waliona kazi imekwisha, kwa kuwa wafanyakazi wa vyakula vya haraka walikuwa wameshapata dola 20 tangu Aprili 2024. Mjomba, kalamu tunayo, lakini na bibi yule anayo yake, na mshahara unaopigiwa kura si wake.

Kodi ya nyumba ndiyo hadithi yenyewe. Pendekezo namba 33 lilitaka miji iachiwe kuweka kikomo cha kodi kwa nyumba zote. Lilikuwa jaribio la tatu: 2018 lilikataliwa, 2020 likakataliwa, na safari hii asilimia 60 wakalikataa tena. Wapinzani walimwaga zaidi ya dola milioni 100. Aliyelileta ni shirika moja la huduma za UKIMWI, AIDS Healthcare Foundation, na wenye nyumba, kwa kuchoshwa nalo, wakaleta pendekezo lao wenyewe, namba 34, lililoandikwa kiasi kwamba linabana matumizi ya fedha ya mashirika ya aina hiyo. Kwa juu linasomeka kama habari ya dawa za wagonjwa. Likapita, kwa kuponea chupuchupu.

Na hizo pesa unaziona sandukuni mwako. Kila siku kadi za kung'aa, nyingine zimechapwa kama mwongozo wa walimu au wa askari, "pigia hiki, kataa kile". Mfilipino ndiye aliyenionyesha: angalia pembeni, kuna kinyota kidogo. Kinyota maana yake aliyetajwa hapo amelipia nafasi. Tulizihesabu za wiki moja, vinyota vilijaa kama upele.

Kinachochekesha, haki hii iliingizwa mwaka 1911, enzi za gavana Hiram Johnson, ili raia wapate njia ya kulipita bunge lililokuwa mfukoni mwa kampuni ya reli. Kuleta sheria mpya kwenye kura ya 2024 kulihitaji saini 546,651, na anayesimama nje ya duka kuzikusanya mara nyingi analipwa kwa kila saini. Mtu wa kawaida atazitoa wapi?

Lililonikaa moyoni ni namba 6. Katiba ya California inaruhusu mfungwa atumikishwe kwa lazima kama adhabu. Pendekezo lilitaka kifungu hicho kifutwe. Kwenye kitabu hakuna aliyejitokeza kuandika hoja ya kulipinga, ukurasa wa wapinzani ulikuwa mtupu. Na bado zaidi ya asilimia 53 wakasema hapana. Jirani zetu wa Nevada siku hiyohiyo waliulizwa karibu jambo lilelile, na wao wakakubali kwa wingi. Huko karatasi ilitaja neno "utumwa". Kwetu iliandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani, maneno mawili marefu, "involuntary servitude", na kazini niliwakuta watatu waliojibu bila kuyaelewa. Mimi nimekua napita Kengeleni, chini ya kengele iliyokuwa ikigongwa kuwaonya walioachwa huru kwamba wakamata watumwa wanakuja. Wangeandika neno lenyewe, nani angeuliza maana?

Kwa wanaojiandaa kuja: kura hii ni ya raia tu. Ukiwa na grini kadi, yaani kibali cha kuishi huku daima bila uraia, mtu akikupa fomu ya kujisajili kupiga kura pamoja na karatasi za leseni, usitie saini kwa heshima. Unaweza kufukuzwa nchini kwa hilo.

Na ile nusu dakika yako ya mwisho, mjomba, nimeisikia. Tofauti kati ya 16.50 za Januari 2025 na 18 kwa saa 40 ilikuwa dola 60 kwa wiki, kabla ya makato. Nusu ya ada nitatuma tarehe 15, iliyobaki mwisho wa mwezi. Mwambie mwalimu mkuu asubiri.