Mashine ya hewa baada ya upasuaji wa tumbo

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu, ambaye hukatikiwa pumzi usingizini, amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Je, mashine ya hewa anayovaa usiku haitafumua mshono wa tumboni? – Mama wa Uyole, Mbeya.

JIBU: Marahaba, mama. Hofu hiyo waliwahi kuwa nayo hata madaktari wa upasuaji, wakidhani kwamba hewa inayosukumwa ingeshuka tumboni na kuupasua mshono. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, uliohusu wagonjwa 1,067, haukuona uhusiano kati ya mashine hiyo na kuvuja kwa mshono. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kuiacha, hasa siku za mwanzo, kwa kuwa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hulegeza koo na kupunguza kasi ya kupumua.

Alale kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa, na barakoa imkae sawasawa. Mkanda ukilegea, utasikia hewa ikivuma pembeni ya pua. Baridi ya Uyole naijua, lakini asijifunike blanketi juu ya barakoa, maana vile vitundu vyake ndivyo vinavyotoa hewa chafu. Akipata homa, mapigo ya moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo, arudi hospitali usiku huohuo. Uzito ukishapungua, apimwe upya ndipo mgandamizo urekebishwe, wala asiiache mashine kwa sababu tu hakoromi tena.