Kikapu Hakimwagiliwi, Kinaogeshwa

Mmeuliza wiki hii kwa nini maua ya vikapu vya kuning'iniza nje hukauka hata mtu akimwagilia kila siku. Nina vikapu sita kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, Upanga, na mwaka wa kwanza maua ya vyote sita yalinifia.

Nilimwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Maji yakichuruzika chini najua kikapu kimeshiba, kumbe yalikuwa yanapita njia tu. Udongo ukikauka sana husinyaa, ukaacha mwanya pembeni, na maji huteremka humo bila kugusa mizizi. Siku moja nimetoka kumwagilia nikachomeka kidole: juu tope, chini vumbi kama sembe.

Mama anayeniuzia miche kando ya barabara alinicheka. "Baba, hicho usikimwagilie, kiogeshe." Nikakishusha, nikakizamisha kwenye beseni. Kikatoa mapovu bubububu, robo saa nzima. Yalipokoma nikakinyanyua, kizito kama ndoo.

Toka siku hiyo siangalii udongo. Nakiinua kidogo kwa kiganja: kikiwa chepesi kina kiu, kikiwa kizito nakiacha. Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, navipa maji asubuhi na jioni, maana upepo unakipiga kikapu pande zote na chini pia. Masika naweza kukaa siku kadhaa sivigusi. Kwenye udongo nachanganya samadi iliyooza vizuri na makumbi ya nazi niliyoyaloweka na kuyasuuza yatoke chumvi. Maji mengi hivyo huondoka na mbolea, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili navinywesha maji ya samadi, rangi ya chai ya rangi iliyopauka.

Upande wa jua la jioni wekeni yale maua madogo yenye majani manene, yanayofunguka jua likipanda na kufunga alasiri. Ferni ziacheni kivulini. Yangu ilibabuka juani ndani ya siku tatu. Na kulabu ichomekwe kwenye zege, si kwenye dari la jipsamu. Mimi nililijua hilo saa nane usiku, kwa kishindo.

Kuna jambo la majirani pia. Dada wa ghorofa ya chini alipanda siku moja na kanga mkononi. Hakusema kitu, aliikunjua tu nione doa la samadi. Nikaenda mbio kununua visahani vya kukinga chini ya vikapu, nikawa nimeruka mkojo nikakanyaga mavi: maji yalituama, na wiki ya pili viluwiluwi vya mbu vikawa vinacheza humo. Kwa mji ulioonja dengi mwaka 2014 na tena 2019, sikuthubutu kuviacha.

Sasa vikapu vinaogea bafuni, vinachuruzika hukohuko mpaka tone la mwisho, ndipo navipandisha kwenye kulabu. Dada wa chini ameshaniomba mche wa mnanaa.

Msomaji, Upanga, Dar es Salaam