Jibu: Baada ya maonyesho ya picha za Mikindani, nianze mradi gani?

Mdogo wangu, hongera sana. Kutundika picha zako za majengo ya Mikindani mbele ya watu ukiwa bado mwanafunzi si jambo dogo. Umeuliza kama mradi unaofuata uwe Kilwa Kisiwani. Kwa maoni yangu, Kilwa iache kwanza. Magofu yale yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981 na yameshapigwa picha kila upande, na wewe hapo Mtwara una kitu mlangoni kwako.

Fuata shamba moja la mikorosho msimu mzima. Anza Juni au Julai, wakati wa kupuliza salfa, dawa ya unga, dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Kazi hiyo hufanyika alfajiri, upepo umetulia na umande ungali kwenye majani. Vumbi lile la njano likipigwa na jua la kwanza, utapata mwanga ambao studio haina. Usibadilishe lenzi hapo, tafadhali! Na ufunike pua na macho. Kuanzia Oktoba nenda na waokotaji, halafu kwa akina mama wanaobangua. Piga mikono yao kwa karibu: mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na alama zinabaki. Omba ruhusa kwanza, na baadaye wapelekee picha zao zilizochapwa.

Maonyesho ya mradi huu yaanzie kijijini, hata kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, ndipo uyalete mjini.