Taarifa ya pili iko wapi?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, raia aamini taarifa za jeshi wakati wa vita?", linachukulia kwamba taarifa ya jeshi ni moja. Huwa ni mbili, au zinapaswa kuwa mbili. Ya kwanza hutoka moshi ukiwa bado juu ya kambi. Ya pili hutoka watu wakishahesabiana. Ya kwanza naomba raia aisome kwa huruma. Kuhusu ya pili nina maneno mengi, mtanivumilia.

Kwa nini huruma? Kambi ikivamiwa, habari hupanda ngazi: kutoka kambini hadi makao ya kikosi, makao makuu ya sekta, kisha Nairobi, Ulinzi House pale Hurlingham. Redio ya kambini ikizimika, wote walio juu wanaandika kwa kukisia. Isitoshe, askari huhesabiwa kwa mafungu matatu: waliokufa, waliojeruhiwa na wasiojulikana waliko. Aliyetoweka vichakani gizani hukaa fungu la tatu hadi aonekane yeye au mwili wake, hata kama wenzake wanaapa walimwona akianguka. Halafu jamaa lazima waarifiwe kwanza. Hakuna mama anayestahili kupata habari za kifo cha mwanawe kwenye WhatsApp. Kwa hiyo "idadi bado haijathibitishwa" siku ya kwanza si lazima iwe uongo.

Ila hata siku hiyo ya kwanza kuna pa kuchungulia. Mtafute anayetajwa kuwa amevamiwa. Ijumaa, tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, wanamgambo wa Al-Shabaab walishambulia El Adde, katika Gedo, Somalia, palipokuwa na kambi ya Wakenya. Maelezo ya kwanza ya KDF, jeshi letu la Kenya, yalisema kambi iliyovamiwa ni ya jeshi la Somalia, iliyo jirani, na kwamba wanajeshi wetu walijibu mashambulizi. Msome Mkenya amewekwa wapi hapo: ni jirani mwema aliyekimbilia kuzima moto wa nyumba ya pili. Kumbe nyumba iliyokuwa ikiteketea ni yake.

Nitakaa hapa El Adde, kwa sababu kila mtu hulitaja jina hilo lakini mpangilio wa siku umesahaulika. Jumatatu ya tarehe 18, majeneza manne yalitua uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, yakiwa yamefunikwa bendera. Manne tu, na nchi ikaanza kujiuliza kama ndiyo mwanzo au ndiyo yote. Wiki iyo hiyo Mkuu wa Majeshi, Jenerali Samson Mwathethe, alieleza kwamba vilipuzi vilivyotumika vilikuwa na nguvu mara tatu ya bomu lililolipua ubalozi wa Marekani hapa Nairobi mwaka 1998. Basi vilipuzi vilikadiriwa, vikalinganishwa na tukio ambalo kila Mkenya analijua, na jibu likatangazwa. Waliouawa na vilipuzi hivyo hawakutajiwa idadi.

Jumamosi, tarehe 23, mwanahabari mmoja alikamatwa kwa aliyoyaandika mtandaoni kuhusu shambulizi hilo. Kosa lililotajwa ni kutumia vibaya kifaa cha mawasiliano, chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Kifungu hicho Mahakama Kuu ilikitupilia mbali Aprili mwaka huo huo kwa kukiuka Katiba. Tarehe 27, marais watatu, Uhuru Kenyatta wa Kenya, Muhammadu Buhari wa Nigeria na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia, walihudhuria ibada ya kumbukumbu katika kambi ya Moi, Eldoret. Kumbukumbu ya watu wangapi, haikusemwa. Mwezi Februari Hassan Sheikh, aliyekuwa ameketi kwenye ibada hiyo, akasema kwenye televisheni ya Somalia kwamba Wakenya waliouawa walikaribia 200. Nairobi ilikanusha, na katika kukanusha haikutoa idadi yake. Mwisho wa Mei, CNN ikaripoti wasiopungua 141.

Sasa hebu tuulizane. Mtu atakataaje 200, akatae na 141, bila kusema ni ngapi? Na msitarajie AMISOM ingesaidia: ujumbe ule wa Umoja wa Afrika, ambao wanajeshi wetu walikuwa chini yake Somalia, uliiachia kila nchi itangaze wafu wake yenyewe. Nchi ikinyamaza, hakuna daftari la pili la kulinganishia. Ikabaki kuhesabu matanga, kaunti moja hadi nyingine. Mficha maradhi kilio humfichua, na safari hii kilifichua kijiji kwa kijiji.

Najua jibu la Wizara ya Ulinzi litakavyokuwa, maana lina ukweli ndani yake: miili iliungua, ikabidi kutumia DNA, na kazi hiyo ni ya taratibu. Sampuli ya mwili, sampuli ya mzazi au mtoto, kisha kulinganisha, na mwili ulioharibika sana hurudiwa tena na tena. Wiki kadhaa, hata miezi, ni sawa. Lakini kazi hiyo huwa na mwisho, na ikiisha huacha orodha, na orodha huwa na idadi. Nilipoanza barua hii nilikuwa upande wa jeshi kuliko ninavyoonekana sasa.

Wengine wataniambia, basi tumwamini nani, Al-Shabaab? Hapana, na sababu ni hesabu tu. Manda, Lamu, tarehe 5 Januari 2020: KDF ilisema jaribio la kuvamia uwanja wa ndege limezimwa, na kwamba moto uliozuka umeathiri baadhi ya matangi ya mafuta. Soma taarifa ile peke yake utadhani jiko lilimwagikiwa na mafuta. Baadaye Wamarekani, waliokuwa na watu wao hapo, walisema wenyewe wamepoteza watu watatu na ndege kadhaa kuharibika. Al-Shabaab walidai wameua Wamarekani 17. Kulbiyow, Somalia, tarehe 27 Januari 2017: KDF ilikana kwanza kwamba kambi yake ilitekwa, kisha ikasema askari 9 waliuawa na 15 kujeruhiwa, huku Al-Shabaab wakidai 57. Hiyo 9 siiwekei dhamana, lakini angalau ni namba, mtu anaweza kuipinga.

Mfano ninaoutaka mimi ni wa majirani. Tarehe 26 Mei 2023 kambi ya Waganda huko Buulo Mareer, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab. Tarehe 3 Juni Rais Museveni alitangaza waliokufa ni 54, akaongeza kwamba mameja wawili waliotoa amri ya kurudi nyuma watashtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Al-Shabaab walikuwa wamedai 137. Serikali ile si maarufu kwa uwazi, na hiyo 54 nayo ni ya upande mmoja. Hata hivyo ilitoka, siku nane tu baadaye, na dai la adui likakosa nguvu.

Linganisha na El Adde. Kwa kawaida adui huzidisha: Buulo Mareer mara mbili na nusu, kule Manda karibu mara sita. El Adde alidai zaidi ya 100, na CNN ikaja na 141. Pale serikali iliponyamaza ndipo dai la adui lilipokuwa karibu zaidi na kilichokuja kuripotiwa. Wizara ilimpa mshindani wake sifa ya ukweli bure.

Baada ya kusema haya yote mtashangaa: kukizuka jambo kesho Mandera au Boni, taarifa ya KDF ndiyo ya kusoma kwanza, na mengi yake ni ya kuamini. Mahali, saa, barabara iliyofungwa, aina ya shambulizi: haya hukosewa mara chache, kwa kuwa wenyeji watayajua kabla ya jioni. Nani anaishikilia kambi, subiri siku mbili. Taarifa isipotaja jambo hilo kabisa, shuku. Idadi ya wafu wetu, subiri taarifa ya pili, na ikipita miezi mitatu bila taarifa hiyo, nakubaliana na wanaosema hapana.

Idadi ya magaidi waliouawa ni jambo jingine. Hiyo usiimeze, iwe ya siku ya kwanza au ya thelathini. Kulbiyow tuliambiwa 70. Uliza bunduki zilizookotwa ni ngapi.