Maswali yenu kuhusu Bothmer, bakuli la Euphronios na kazi ya msomi wa sanaa ya kale

Makala yangu iliyopita ilimhusu Dietrich von Bothmer, na imeleta barua nyingi kuliko nilivyotarajia. Kwa ambaye hakuisoma: Bothmer alizaliwa Eisenach, Ujerumani, mwaka 1918. Alikwenda Oxford kwa ufadhili wa Rhodes mwaka 1938, vita vilipozuka akahamia Marekani, akapigana Pasifiki katika jeshi la huko hadi akajeruhiwa. Kuanzia 1946 mpaka uzeeni alifanya kazi katika Makumbusho ya Metropolitan, New York. Ni wachache waliovijua vyombo vya udongo vya Athens kumfikia. Mwaka 1972 alishiriki katika ununuzi wa bakuli la Euphronios, chombo cha Athens ya kale kilichokuja kudaiwa kuwa kilifukuliwa kwa siri, na barua nyingi zinahusu hapo.

Nataka kuwa msomi wa sanaa ya Ugiriki na Roma. Nisome kozi gani, na ni miaka mingapi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa)

Swali hili huja kila mara, na kila mara mwulizaji anataka atajiwe kozi moja. Haipo. Anza na lugha: Kigiriki cha kale na Kilatini mpaka usome maandishi ya kwenye jiwe bila kushikwa mkono, halafu Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano cha kusomea, kwa kuwa ripoti nyingi za uchimbaji ziliandikwa kwa lugha hizo na hazikutafsiriwa. Ukijumlisha shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu, weka miaka kumi akilini. Bothmer alipata uzamivu wake Berkeley mwaka 1944, akiwa ameanza kusoma haya tangu Berlin.

Si lazima uanzie Ulaya. Legon nchini Ghana, Ibadan nchini Nigeria na Chuo Kikuu cha Malawi wanafundisha taaluma za Ugiriki na Roma ya kale. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia, na atakayekufundisha kuchimba Kilwa amekufundisha kuchimba popote. Rhodes nayo siku hizi inachukua vijana wa Afrika Mashariki. Ila ajira ni chache mno, na anayekuficha hilo hakutakii mema. Usikope ada kwa mjomba kwa ahadi ya mshahara wa makumbusho.

Nimekutumia picha ya kikombe cha Kigiriki nilichonunua mtandaoni. Kina thamani gani? (Msomaji, Dubai)

Sitaji bei, na nimeshaandika hivyo mara nyingi. Mwombe muuzaji karatasi zinazoonyesha kilikuwa wapi kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za kale. Akishindwa, umeshapata jibu.

Vyombo vingi havina sahihi ya mchoraji. Wasomi wanajuaje nani alichora nini? Au wanakisia? (Mwalimu, Kisumu)

Hawakisii, mwalimu, na swali lako limenifurahisha. Aliyelijibu kuliko wote ni John Beazley, mzaliwa wa Glasgow wa mwaka 1885, ambaye ndiye aliyemfundisha Bothmer huko Oxford. Alichukua njia ambayo Mwitaliano Giovanni Morelli aliitumia kwenye michoro ya rangi: usitazame uso wa shujaa wala kisa kinachosimuliwa, tazama sikio, kifundo cha mguu, kucha, mkunjo wa nguo. Hayo mchoraji huyachora bila kufikiri, mkono ukienda wenyewe. Mzee wa Lamu aliyekulia kwenye karakana za nakshi hufanya vivyo hivyo: hupita mbele ya mlango akakutajia fundi.

Beazley alinakili mistari kwa penseli, chombo baada ya chombo, makumbusho baada ya makumbusho, kwa zaidi ya nusu karne. Akavigawa maelfu ya vyombo kwa mamia ya wachoraji. Asiyejulikana jina alipewa jina na Beazley mwenyewe. "Mchoraji wa Berlin" anaitwa hivyo kwa sababu chombo chake mashuhuri kiko Berlin, si kwa sababu aliwahi kufika huko. Watu ambao historia haikuwaacha hata na jina wamerudishiwa kazi za mikono yao, na kwangu hilo ni tendo la haki kabisa.

Lakini kuna upande ambao vitabu vya wanafunzi haviusemi kwa sauti. Soko lilijifunza haraka kwamba chombo kilichopewa jina la mchoraji kina bei kuliko kisicho na jina, kwa hiyo kauli ya msomi ikawa fedha. Msomi anayekubali kutambua chombo cha muuzaji bila kuuliza kimetoka wapi amempandishia muuzaji bei, hata kama hakupokea senti. Ningekuwa na uwezo, wanafunzi wangefundishwa kukataa kabla ya kufundishwa kutambua.

Sema wazi: Bothmer alikuwa mwizi? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Hakufukua kaburi la mtu wala hakufunguliwa mashtaka. Lakini siwezi kuishia hapo.

Bakuli lenyewe ni la kuchanganyia divai na maji, linachukua lita 45 hivi. Lilitengenezwa Athens karibu mwaka 515 KK. Euxitheos alilifinyanga, Euphronios akalichora, na majina yao wote wawili yameandikwa juu yake. Usingizi na Mauti, wenye mabawa, wanamwinua Sarpedon aliyeuawa katika vita vya Troya. Damu inamchuruzika, na Hermes, mjumbe wa miungu, amesimama katikati akisimamia. Sijaona mchoro wa zama zile unaoupita huu. Makumbusho yalilipa dola milioni 1. Muuzaji, Mmarekani Robert Hecht, alidai limetoka kwa mtu wa Lebanon ambaye familia yake ilikuwa nalo tangu 1920.

Mwaka 1973 gazeti la New York Times liliandika kwamba limefukuliwa kwa siri mwishoni mwa 1971, kwenye kaburi la Waetruska, watu wa Italia ya kale kabla ya Roma kutawala, huko Cerveteri, kaskazini mwa Roma. Bothmer alishikilia kwamba la maana kwa msomi ni nani alikitengeneza chombo, wapi, lini, na kama ni halisi. Yaliyokipata katikati aliyaona madogo.

Hapo ndipo ninapoachana naye, kwa heshima zote. Chombo hiki kilisafiri kutoka Athens mpaka Italia, kikanunuliwa na mtu asiye Mgiriki, akazikwa nacho. Alikuwa mwanamume au mwanamke? Alichagua picha hiyo ya mauti kwa makusudi, au alipenda uzuri tu? Kilikaa kichwani au miguuni, kando ya vitu gani? Wafukuaji waliokwenda usiku na sululu waliyafuta yote hayo, na hakuna jicho la msomi, hata lingekuwa kali vipi, litakaloyarudisha. Mtu aliyetumia maisha yake kuwajua wachoraji wale alipaswa kuwa wa kwanza kulia. Badala yake aliitetea risiti.

Mwaka 1995 polisi walivamia ghala la Giacomo Medici, mfanyabiashara aliyehusishwa na bakuli hilo, mjini Geneva, wakakuta maelfu ya picha za vitu vya kale, vingine vikiwa bado na udongo. Medici alitiwa hatiani Roma mwaka 2004. Februari 2006 Metropolitan ilikubali kuirudishia Italia vitu 21, na bakuli likarejea Januari 2008. Bothmer alifariki Oktoba 2009, akiwa na miaka 90.

Je, si bora lingebaki New York ambako mamilioni wangeliona? (Msomaji, Toronto)

Kuonekana na wengi hakuhalalishi kilichoibwa. Isitoshe, bei ya New York ndiyo iliyowalipa wafukuaji waende kaburi la pili na la tatu.

Ni kweli sanamu za Kigiriki zote zilikuwa nyeupe? (Msomaji, Kigali)

Si kweli, zilipakwa rangi: nyekundu, buluu, njano, hata nyusi na midomo. Mjerumani Vinzenz Brinkmann amezitafuta rangi hizo kwa mwanga maalumu, na tangu 2003 amekuwa akionyesha nakala zilizopakwa upya. Uzuri wa weupe ulihubiriwa sana na msomi Mjerumani Winckelmann katika historia yake ya sanaa ya mwaka 1764, na madhara yake hayakuishia vitabuni: mwaka 1937 na 1938 marumaru za Parthenon, hekalu la kale la Athens, zilikwanguliwa ndani ya British Museum ili zing'ae.

Mbona hutaji wanawake? (Dada, Zanzibar)

Una haki, dada. Gisela Richter, mzaliwa wa London wa mwaka 1882, aliiongoza idara ya sanaa ya Ugiriki na Roma ya Metropolitan, ileile aliyofanyia kazi Bothmer, kuanzia 1925. Alijifunza ufinyanzi kwa mikono yake ili aelewe vyombo alivyokuwa akiviandika, jambo ambalo wanaume wengi wa fani yake hawakulifanya. Mwaka 1937 alichapisha utafiti juu ya sanamu tatu kubwa za askari wa Kietruska. Mwaka 1961 makumbusho yalitangaza kuwa ni za kughushi: kemia ilikuta manganizi katika rangi nyeusi, na Alfredo Fioravanti, mmoja wa walioghushi, akakiri na kuonyesha kidole gumba cha sanamu moja alichokuwa amekihifadhi. Sanamu hizo hazikuwa na ripoti yoyote ya uchimbaji. Mtaalamu mkubwa alidanganywa kwa sababu alikuwa na jicho tu la kutegemea.

Tumefukua chungu cha zamani na shanga shambani. Tukuletee, au tumtafute mnunuzi? (Msomaji, Bagamoyo)

Msimletee mtu. Acheni kuchimba, msikioshe, pigeni picha kikiwa mahali pake, kisha mtoe taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya namna hiyo. Jirani zetu Wamijikenda waliibiwa vigango vyao, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vikauzwa mpaka Marekani, na ni mwaka 2014 tu makumbusho ya Denver yalipotangaza kurudisha 30. Kwa vingi hakuna anayejua vilisimama kwenye kaya gani, maana aliyeving'oa hakuandika kitu. Kwa hiyo nyinyi andikeni leo: jina la shamba, kina cha shimo, na kila kilichokuwa kando ya chungu.