Re: Peleti zinatoka na kiuno, tatizo ni mashine?

Mkuu, unasema peleti zako za dawa (vile vipunje vya mviringo) zimeanza kutoka na kiuno katikati, unga ni mwingi, na kilichobadilika ni muuzaji wa MCC tu (selulosi ya mikrofuwele, unga unaoshikilia peleti): daraja lilelile, maji yaleyale. Waliotangulia wanakushauri uongeze kasi ya sahani inayoviringisha peleti ziwe duara. Mimi nimefanya kazi ya kuunda dawa kiwandani, na hapo ningeiacha sahani kwanza. Peleti yenye kiuno pamoja na unga mwingi ni dalili ya mchanganyiko mkavu.

MCC ni kama sifongo. Inashika maji, ikisukumwa kwenye matundu ya mashine ili itoke kama nyuzi inaachia kidogo ya kulainisha njia, na yanayobaki ndiyo yanayoifanya peleti iumbike inapoviringika. (Mtafiti Kleinebudde mwaka 1997 aliliona tofauti: chembe husagika na kujenga jeli. Kwa tatizo lako, tiba haibadiliki.) Sasa, jina la daraja linakueleza zaidi ukubwa wa chembe: PH-101 wastani wa mikroni 50, PH-102 mikroni 100. Uwezo wa kushika maji unategemea pia rojo la mbao linalotumika kuitengeneza na namna kiwanda kilivyolichakata, kwa hiyo PH-101 mbili za watengenezaji wawili zinaweza kudai maji tofauti kabisa.

Fanya bechi ndogondogo, ukiongeza maji kidogo kila mara, kitu kingine usiguse. Angalia nyuzi zinazotoka kwenye matundu: zikiwa na magamba kama ngozi ya papa, bado kavu, zikiwa zinang'aa kwa maji, umepitiliza, zitashikana kwenye sahani. Hesabu pia unyevu uliomo tayari kwenye MCC, upo kwenye cheti cha bechi.

Kijazio (unga wa kujazia ujazo wa peleti) nacho usikisahau. Laktosi huyeyuka kiasi na kuongeza ujazo wa kimiminika. Ukiibadilisha na kalsiamu fosfati isiyoyeyuka, kipimo chako cha maji cha zamani kitupe.

Kuhusu wazo la kuachana na MCC kwa sababu peleti zake hazisambaratiki na dawa isiyoyeyuka inachelewa kutoka: hoja ni ya kweli. Krospovidoni (polima isiyoyeyuka majini) iliyosagwa laini inafaa kujaribiwa. Karajinani (itokanayo na mwani) hudai maji mengi zaidi na peleti zake huwa laini, mimi siipendi kwa peleti zitakazopakwa koti.

Weka hapa vyeti vya MCC zote mbili, na useme unakaushia wapi, maana peleti za oveni husinyaa kuliko zilizokaushwa kwa kugandishwa.