ECMO inasukuma vizuri, mbona moyo umevimba?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa ICU ya moyo. Juzi tulikuwa na mgonjwa wa ECMO (mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili), kanula, yaani mirija minene ya damu, zote mbili zikiwa pajani, moja kwenye vena na nyingine kwenye ateri. Mashine ilisukuma lita 4.5 kwa dakika, presha ya wastani 80, tukaridhika. Usiku mawimbi ya ateri kwenye monita yakalala bapa. Alfajiri povu la pinki likatoka kwenye mrija wa kupumulia. Si tuliweka mashine ili moyo upumzike?

Jibu: Nzuri, dada. ECMO ya aina hiyo huupumzisha mwili. Ventrikali ya kushoto yenyewe, chemba ya moyo inayosukuma damu mwilini, huongezewa mzigo.

Fuata njia ya damu. Inavutwa kutoka upande wa kulia wa moyo, inapita kwenye pafu bandia, inarudishwa kwa ateri ya paja. Hapo inapanda aota, ateri kuu itokayo moyoni, kuelekea moyoni, kinyume cha mkondo wa kawaida. Ventrikali iliyochoka ikishindwa kulisukuma shinikizo hilo, valvu ya aota haifunguki. Na damu haikomi kuingia: kiasi fulani bado hupita mapafuni, na mishipa ya bronkasi (ya njia za hewa) nayo humwaga yake upande wa kushoto. Inaingia, haitoki. Ventrikali inatanuka, mapafu yanajaa maji (ndilo povu mliloliona), na damu iliyotuama inaweza kuganda humo humo.

Ile 80 ilikuwa ya pampu, haikuwaambia lolote kuhusu moyo. Tazama tofauti ya presha ya juu na ya chini. Ikishuka chini ya milimita 10 za zebaki, mwamshe daktari, iombwe eko (ultrasaundi ya moyo) usiku huo huo kuona kama valvu inafunguka.

Mimi huanza na yasiyohitaji kanula mpya. Pampu ipunguzwe hadi kiwango cha chini kinachotosha viungo, laktati ya damu, inayopanda viungo vikikosa oksijeni, ikiwa shahidi. Dobutamini kidogo ya kuupa moyo nguvu, dawa ya kukojoza maji, na dawa ya kutanua mishipa ikiwa presha inaruhusu. Hayo yakishindwa, kuna puto la aota, kuna Impella, pampu ndogo inayonyonya damu ndani ya ventrikali na kuitoa kwenye aota, au kanula inayopitishwa ukuta wa atiria (chemba ya juu ya moyo) ili kutoa damu upande wa kushoto. Zina nguvu, ila Impella huvunja seli nyekundu, na mguu unaweza kukosa damu.

Je, tuwawekee wote mapema? Utafiti wa EARLY-UNLOAD wa Korea Kusini, 2023, ulikuwa na wagonjwa 116. Waliopunguziwa mzigo mapema kwa kanula ya atiria walifariki asilimia 46.6 ndani ya siku 30, wengine asilimia 44.8. Lakini nusu hivi ya hao wengine iliwabidi kuwekewa baadaye. Kwangu maana yake ni kwamba kusubiri kunaruhusiwa, mradi kuna anayetazama. Kwa hiyo kwenye chati yenu, kando ya lita za pampu, andikeni kila saa ile tofauti ya presha, na mkabidhiane zamu kwa namba hizo mbili pamoja.